Nyayo Zilipoishia Uani Kwetu

Mjukuu wangu Neema hufagia ua kabla jua halijatoka. Mimi wakati huo huwa bado kitandani, hapa kwetu Kigera, Musoma, namalizia sala yangu ya alfajiri, na ninalisikia fagio lake la njiti likikwaruza udongo, kwaa, kwaa, kwaa, halafu kimya kidogo anapohama hatua moja, halafu tena kwaa, kwaa. Harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji huingia dirishani. Kwa watu wengine harufu hiyo ina maana kwamba kumekucha, basi. Kwangu si hivyo tu. Mpaka leo, na mvi zangu hizi, nikitoka nje baada ya ua kufagiwa, macho hutangulia chini kutafuta nyayo.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na kwa kuwa wazee wote waliohusika Mungu amekwisha kuwaita, nadhani sasa naweza kuwasimulia.

Wazazi wangu hawakuzaliwa Mara. Walitoka Nyasaland, nchi ambayo siku hizi inaitwa Malawi. Baba, aliyeitwa Banda, alikuja kuchimba dhahabu katika mgodi uliokuwa upande wa Kiabakari, si mbali na Butiama, akarudi kwao mara moja tu, kumchukua Mama. Mama alikuwa na jina zuri la ubatizo, lakini watu wa huku walimwita Mama Mnyasa, nalo likamganda. Mtoto wao wa kwanza alikufa angali mchanga, wakamzika katika makaburi ya mgodini. Nilipozaliwa mimi nikaishi, wakaniita Tiyamike, yaani tushukuru. Majirani walilikata jina hilo likawa Tiya.

Mgodi ulipofungwa, Wanyasa wenzao walifunga mizigo, mmoja baada ya mwingine. Baba naye aliteremsha sanduku lake la bati akaanza kupanga nguo. Nimeambiwa kwamba Mama alimtazama mpaka alipomaliza, kisha akasema kwa upole, "Wewe nenda, Baba Tiya. Mimi siwezi kumwacha mtoto huku peke yake." Baba akazitoa nguo moja moja, akalirudisha sanduku juu ya kabati.

Aliyetupokea ni Mzee Magesa wa Butiama, mfugaji aliyekuwa akileta maziwa mgodini. Alitupa kipande cha ardhi karibu na boma lake, kando ya njia inayoteremka kwenye kijito. Siku zile ardhi haikuwa na karatasi. Ilikuwa na mtu. Aliyekukaribisha ndiye aliyekuwa mdhamini wako. Ukiharibu, ameharibu yeye. Na kulikuwa na msemo ambao nilikuja kuuelewa baadaye: mwenye ng'ombe hulipa kwa ng'ombe, asiye na ng'ombe hulipa kwa miguu. Maana yake, anafukuzwa.

Sasa niwaambie habari ya fagio. Kwao Mama, mwanamke aliyekutwa na jua hajafagia ua alikuwa sawa na mtu aliyekutwa na wageni hajanawa uso. Mama aliamka giza likiwa halijaisha vizuri, akajitanda kanga, akainama, akafagia akirudi kinyumenyume ili hata nyayo zake mwenyewe zisibaki. Ua wetu ulikuwa na mistari iliyopangana kama mifupa ya samaki aitwaye ngege. Alipomaliza ua aliendelea na njia, akateremka nayo mpaka kwenye mawe makubwa ya kijitoni, mahali tulipochota maji. Hapo ndipo aliponyoosha mgongo.

Mke wa Mzee Magesa, Mama Nyangeta, hakuweza kuvumilia. Dirisha lao lilitazama kwetu, na fagio la Mama lilikuwa likimwamsha kila siku.

"Mnyasa wee," alikuwa akisema, mikono kiunoni, "mwisho utafagia mpaka Musoma. Unafagiaga na porini, unamtayarishia fisi kitanda?"

"Fisi naye akija akute pasafi," Mama alijibu, na wote wawili wakacheka, ingawa Mama Nyangeta alicheka kwa kinywa zaidi kuliko kwa moyo.

Kitu ambacho Mama hakukijua, wala Baba, kwa kuwa maisha yao yote ya Mara walikuwa wameyaishi katika kambi ya mgodi, ni kwamba huku ardhi husomwa. Ng'ombe wakiibiwa, yowe hupigwa, na wanaume hufuata nyayo. Nyayo zikiingia katika kijiji chenu, ninyi mnazipokea; ni kazi yenu kuonyesha zilipotokea upande wa pili, kisha wenzenu wa mbele wanazipokea nao. Mkishindwa kuonyesha zilipotokea, basi ng'ombe wako kwenu. Mtalipa. Haijalishi kama mnajua au hamjui.

Ilikuwa Jumamosi, na sala ya nyumba kwa nyumba ilikuwa ifanyike kwetu kwa mara ya kwanza. Mama hakupata usingizi kwa furaha. Nilimfuata nje nikiwa nimeshika kipande cha muhogo wa jana, udongo ukiwa wa baridi chini ya nyayo zangu. Ua ulikuwa umevurugwa vibaya. Kwato zilikuwa zimepita katikati, na kinyesi kilikuwa bado kibichi.

"Ng'ombe wa Mzee Magesa wameenda maji mapema leo," Mama alisema, akaguna. Akakizoa kinyesi kwenye karai, kwa kuwa alitaka kupaka sakafu kabla wageni hawajafika. Kisha akafagia. Siku ile alifagia kuliko siku zote. Njia yote mpaka kwenye mawe iling'aa.

Walifika jua lilipokuwa limeanza kuchoma. Nilidhani ni wageni wa sala, lakini wale huja wakiimba. Hawa walikuja kimya, wanaume wengi wenye mikuki na pinde, wametokea upande wa Bunda, na kimya chao ndicho kilichonifanya nimshike Baba mguu. Mbele yao alikuwa mtu mrefu aliyevaa koti la mvua, ingawa mvua haikuwapo. Alitembea ameinama, akigusagusa ardhi kwa ncha ya fimbo kama mtu anayesoma kwa kidole. Alifika ukingoni mwa ua wetu. Fimbo ikabaki hewani.

"Nani anakaa hapa?"

Mzee Magesa alikuwa amefika mbio kutoka bomani kwake. "Ni mgeni wangu," alisema.

"Mgeni wako amekula nyayo."

Mama alitoka ndani, mikono yake ikiwa na kinyesi cha ng'ombe mpaka viwikoni. Sitasahau jinsi wanaume wale walivyoitazama ile mikono. Mwenye koti alimwuliza kama aliona kwato uani kwake asubuhi.

"Ndiyo, niliziona," Mama alisema. "Nikazifagia."

Mguno ulipita kati yao. Baba alifumba macho.

"Kwa nini ulizifagia?"

"Palikuwa pachafu. Nina wageni wa sala."

Mmoja wao alicheka, kicheko kifupi kisicho na utani. Nyuma yao, kwenye kona ya njia, waumini wenzetu walikuwa wamefika na vitabu vyao vya nyimbo. Walisimama pale kwa muda. Kisha nikaona migongo yao.

Wanaume walitawanyika. Walipekua kwenye mawe, lakini mawe hayashiki unyayo. Wakafuata kijito, kundi moja juu na kundi jingine chini, kingo zote mbili. Jua lilipoanza kuinama walirudi mikono mitupu, wakaketi uani kwetu pamoja na wazee wa kijiji, na mistari ya Mama ikafutika chini ya makalio yao. Hakuna aliyeturuhusu kuondoka. Sisi tulikaa kibarazani. Kutoka pale niliweza kuona kupitia mlangoni lile sanduku la bati juu ya kabati, nami nilikuwa na umri wa kutosha kujua sanduku lina kazi gani. Mama hakulitazama. Alitazama upande wa Kiabakari.

Mwenye koti akaulaza mkuki wake chini. "Basi waape," akasema. "Waruke mkuki, mume na mke, waseme nyayo hawakuzificha. Wakiruka tutaondoka. Kiapo chenyewe kitamla mwongo, yeye au mzao wake."

Baba alisimama. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ndogo. "Wazee wangu, sisi tumefundishwa na neno la Mungu tusiape kabisa. Nikisema hapana, ni hapana. Sina kitu kingine cha kuwapa."

"Mwizi naye anasemaga hapana," mwenye koti alijibu.

"Banda," Mzee Magesa alisema, akimsogelea, "ruka, ndugu yangu. Ni mkuki tu."

"Kama ni mkuki tu, Mzee, kwa nini mnaniomba niuruke?"

Mzee Magesa alijipangusa uso kwa kiganja, na nadhani wakati ule alikuwa akihesabu moyoni ni ng'ombe gani wake wangetoka zizini, au ni maneno gani atatumia kumwambia rafiki yake aondoke kabla ya giza.

Ndipo Mama Nyangeta alipokuja. Wanawake hawakuwa na nafasi katika kikao kama kile, naye aliingia katikati yao akiwa amemshika mkono binti yake Nyangeta, rafiki yangu, aliyenizidi umri kidogo.

"Huyu mwanamke amenikosesha usingizi tangu afike hapa," alisema. "Kila alfajiri, kwaa, kwaa. Akiumwa anafagia, mvua ikinyesha anangoja ikatike anafagia. Nimemsema, nimemcheka, mnanijua mdomo wangu. Anafagiaga kila siku, na leo amefagia kama kila siku. Hakuficha kitu."

"Nani amekuuliza, mwanamke?" mmoja akasema.

"Hakuna. Ndiyo maana siwajibu kwa mdomo."

Akafunga kanga yake vizuri, akamvuta Nyangeta, wakauruka mkuki pamoja.

Mzee Magesa aliinuka nusu, kisha akaketi tena polepole. Mwenye koti aliuokota mkuki wake haraka. "Kiapo kina macho," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tutangoja mwezi mpya." Wakaenda zao.

Mimi nilifurahi. Nilielewa tu kwamba hatuendi popote. Kesho yake mimi na Nyangeta tulilaza kijiti chini, tukashikana mikono, tukaanza kuruka, mimi nikiwa mwenye koti na pia mama yake. Mama alitokea nyuma yangu akanipiga kofi. Hakuwahi kunipiga kabla ya siku hiyo wala baada yake. Kisha yeye ndiye aliyelia, akaingia ndani, nami nikabaki nimeshika shavu nisijue kosa langu.

Na Mama akaacha kufagia. Baba alimwomba alipumzishe fagio mpaka mambo yapoe, lakini yeye alikuwa amekwisha kulichomeka darini. "Ndilo lililotuletea haya," alisema. Ua ukajaa majani makavu na nyayo za kuku. Kwangu ilikuwa kama sikukuu. Kwa mara ya kwanza niliweza kuziona nyayo zangu mwenyewe za jana.

Kabla mwezi haujaisha, Nyangeta akashikwa na homa.

Haikuwa homa ya kulala siku moja na kuamka. Mtoto hakuweza kushika hata uji. Kijitoni wanawake walinyamaza Mama alipofika, wakajaza vibuyu vyao wakaondoka wakiwa wameacha nafasi kubwa kati yao na yeye. Mtoto aliyerukishwa mkuki akifa, kiapo kimesema. Mama alipika uji wa ulezi akaupeleka, Mzee Magesa akampokea mlangoni bila kumkaribisha. "Rudi tu, Mama Tiya. Si wakati wake," alisema. Jioni hiyo Baba alilishusha sanduku. Hakupanga nguo. Aliliweka tu karibu na mlango, akapiga magoti kando yake, akaomba, na nilisikia kwamba hakuwa akituombea sisi. Alikuwa akilitaja jina la Nyangeta.

Siku iliyofuata, jua likitua, Mama Nyangeta alikuja mwenyewe. Nywele hazikusukwa, macho yamekuwa mekundu. Alisimama katikati ya ua uliojaa majani.

"Mnyasa, fagio lako liko wapi?"

"Nimeliweka, dada yangu. Ndilo lililotuharibia."

"Mimi nimeapa unafagiaga kila siku. Nimeapa mbele ya wanaume wote wale, na mwanangu mkononi. Sasa ninaamka alfajiri, ninatega sikio, kimya. Unataka maneno yangu yawe ya uongo?"

Mama aliinama, akaokota jani moja miguuni pake.

"Kesho nisikie," Mama Nyangeta alisema, akageuka akaenda.

Alfajiri Mama alilichomoa fagio darini. Nilimsikia, nikatoka. Alifagia ua, akateremka na njia mpaka kwenye mawe, na safari hii hakuishia hapo. Alipanda na njia ya pili, inayoelekea kwa Mzee Magesa, akafagia mpaka mlangoni kwao, akauzunguka ukuta mpaka chini ya dirisha la chumba alicholala Nyangeta. Kwaa, kwaa, kwaa. Baba alisimama kibarazani kwetu, kofia mkononi, kama mtu aliye kanisani. Alfajiri iliyofuata vivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Kila fagio liliponyamaza ili ahame hatua, mimi nilikuwa nikisikiliza kama kilio kitaanza ndani ya nyumba ile. Mwezi ulikuwa umekonda kama ukucha.

Asubuhi moja, Mama akiwa ameinama chini ya dirisha, sauti ndogo iliyokwaruza ilitoka ndani.

"Mama Tiya, unanipigia kelele."

Mama aliketi. Aliketi pale pale chini, juu ya mistari yake, fagio mapajani, kanga imemwanguka kichwani, na ndani ya nyumba nilimsikia Mama Nyangeta akicheka na kulia kwa pamoja, akisema, "Umesikia? Umesikia huyu? Amekuwa mimi." Alama ya pale Mama alipoketi ilibaki mchana kutwa. Hakuifuta.

Mwezi mpya ulipoonekana, mwenye koti alirudi, akanywa maziwa kwa Mzee Magesa. Nyangeta ndiye aliyemletea kibuyu. Alipoondoka alipita kando ya ua wetu, na nilimwona akizunguka pembeni kwenye majani ili asikanyage palipofagiwa. Ng'ombe wale hawakupatikana kamwe, wala hakuna aliyetuuliza tena. Sanduku la bati tukaligeuza kiota cha kuku.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mama alikuwa mtu wa usafi tu. Alifagia akiwa na malaria. Alifagia asubuhi ya arusi yangu, na asubuhi tuliyomzika Baba. Mgongo ulipokataa kuinama alifagia ameketi kwenye kigoda, akikisogeza kidogo kidogo, na njia ya kwenye mawe ikamchukua mpaka saa ya chai. Nilimwambia, "Mama, waachie wajukuu." Akasema, "Hii si kazi yao." Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nilipokuwa nami nimezaa na kuuguza ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho mwanamke yule aliyetucheka alikiweka juu ya mkuki kwa ajili ya wageni, na kwa nini Mama hakuweza kulala jua likichomoza. Baba hakuapa maisha yake yote. Mama naye hakuapa. Lakini alibeba kiapo cha jirani yake kila alfajiri, akakilinda kisiwe uongo. Nimefundisha watoto wa kanisa miaka mingi wasiape, na sijabadilisha fundisho. Ila nikifika hapo, huwa namshukuru Mungu moyoni kwa Mama Nyangeta, namwachia Yeye kupanga mengine.

Mama alipofariki, Nyangeta alikuja Butiama kutoka Kabasa, Bunda, anakoishi na watoto wake. Alifika jioni, akalala nasi matangani. Alfajiri nilisikia fagio, na kwa kitambo nilisahau kwamba Mama amekufa. Nilipotoka nilimkuta Nyangeta, mwanamke mzee kama mimi, ameinama uani, anafagia akirudi kinyumenyume.

"Watu watapakanyaga sasa hivi," nilimwambia.

"Najua."

Nilimwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: kama siku ile alijua anachokiruka.

"Nilijua. Mama aliniambia, ruka juu, mwanangu, usiguse. Alinibana mkono mpaka vidole vikauma." Alifagia kidogo. "Nikiwa na ile homa niliogopa sana, Tiya. Nilikuwa nikijiuliza, na kama Mama hakusema kweli? Halafu nikamsikia mama yako dirishani."

Akateremka na njia mpaka kwenye mawe, mimi nikimfuata taratibu, nikikanyaga kwenye majani ya pembeni. Tuliporudi, vijana waliokuja kuchimba kaburi walikuwa wamefika. Walikuwa wamesimama ukingoni mwa ua, majembe mabegani, wanatungoja. Hakuna aliyekuwa amewaambia wasipite.